Ng'onda wetu hana kosa, tatizo ni mgonjwa wetu

Jirani yangu hapa Oslo kabandika kikaratasi mlangoni kwangu: harufu ya samaki wako inafika hadi kwenye ngazi. Nilikuwa nimepika ng'onda wa nazi, ameletwa na dada kutoka Tanga. Harufu ipo, sikatai. Lakini ikifika Novemba jengo zima linanuka rakfisk na sijaona mtu akiandikiwa kikaratasi.

Rakfisk ni fahari ya Wanorwei. Wanachukua trauti, wanamtoa matumbo, wanamtia chumvi, wanampanga kwenye ndoo na kumkandamiza mpaka azame kwenye maji yake. Anakaa humo miezi miwili, mitatu, wengine hadi mwaka. Kisha analiwa hivyohivyo, bila kuona moto, pamoja na mkate mwembamba na krimu chachu. Mji wa Fagernes una tamasha lake kabisa.

Sasa bakteria wa botulizimu, ule ugonjwa wa sumu ya chakula unaolegeza misuli hadi ile ya kupumua, anapenda nini? Unyevu, mahali pasipo hewa, chumvi isiyotosha. Aina ya E, ile inayohusishwa zaidi na samaki, inaweza kukua hata kwenye baridi ya nyuzi 3 au 4, yaani ndani ya friji, na sumu yake hailazimiki kutoa harufu wala ladha ya kukuonya. Wenyewe wanalijua hilo. Rakfisk ya kutengeneza nyumbani imeshawaangusha watu, na taasisi yao ya afya inaitaja bila kuona haya.

Mtazame sasa ng'onda. Anapasuliwa, matumbo yanatupwa, chumvi inasuguliwa mpaka kwenye mwiba, anaanikwa juani mpaka ukimgonga analia kama ubao. Bakteria hana maji ya kunywa humo. Halafu tunamchemsha, na sumu ya botulizimu ikichemshwa sawasawa dakika 10 inaharibika. Mwaka 1987 watu 8 wa New York na Israel waliugua kwa kula kapchunka, samaki wa chumvi asiyetolewa matumbo, na mmoja wao akafa. Baadaye Marekani ikakataza samaki wa namna hiyo kuuzwa na matumbo yake, isipokuwa wadogo wasiozidi inchi 5, nao kwa masharti ya chumvi au ukavu. Ukisoma masharti hayo unamwona dagaa aliyekauka vizuri. Hakuna aliyewaandikia kanuni hiyo wanawake wanaoanika dagaa kwenye chanja kule Kigoma, na kazi yao inatosha kuitwa sayansi.

Basi kwa nini nina hasira na nyumbani?

Kwa sababu huku jirani yangu akila rakfisk mbovu, kesho yake akaanza kuona watu wawili wawili, kope zikalegea, mdomo ukakauka, maneno yakamwia mazito, mate hayamezeki, na homa hana, daktari wa zamu atamwuliza: umekula nini jana na juzi? Atapewa dawa ya kuzuia sumu, atawekwa kwenye mashine ya kupumulia hata wiki kadhaa, na taarifa lazima ifike serikalini ili chakula kilichobaki kitafutwe. Kwetu mtu huyohuyo ataambiwa ni kiharusi. Au kapandisha jini. Akifa tutasema aliugua ghafla, na hicho chakula kitaendelea kuliwa matangani.

Najua mtakachoniambia. "Babu zetu wamekula papa mkavu miaka yote na hakuna aliyekufa kwa hiyo botulizimu yako." Nani alihesabu? Mwaka 1980 jarida la madaktari la Uingereza liliandika juu ya botulizimu Kenya, watu walikuwa wamekula kumbikumbi. Mwaka 2008 ikapiga shule ya bweni Uganda. Hao walijulikana kwa sababu kuna mtu aliuliza.

Mwingine atasema nimelewa Uzungu. Haya, tuiache Ulaya, twende Misri. Mwezi wa Aprili 1991, Cairo, watu 91 walilazwa baada ya kula fesikh, samaki wa chumvi wa sikukuu yao ya Sham el-Nessim, na 18 wakafa. Wamisri hawajaacha kula fesikh, na sidhani wataacha. Lakini sikukuu ikikaribia wizara yao ya afya inatoa onyo, inataja dalili, inawaambia watu wakimbilie hospitali. Hiyo ni Afrika. Hakuna Mzungu hapo.

Na jambo hili linaniumiza zaidi kwa sababu samaki wetu wenyewe wanaanza kubadilika. Ng'onda anauzwa kabla hajakauka kwa sababu soko lina haraka, anafungwa kwenye nailoni angali na unyevu, anasafirishwa siku nzima chini ya turubai kwenye joto. Wengine sasa wanaloweka samaki kwenye mafuta, chupa inafungwa kabisa, inauzwa kwenye simu. Hiyo si kazi ya bibi zetu. Ni hatari ya rakfisk bila baridi ya Norwei.

Simwambii mtu aache ng'onda. Mimi mwenyewe nitampika tena Jumamosi, jirani apende asipende. Nataka daktari aliye zamu Pangani, akiletewa mtu aliyelegea kope na asiyeweza kumeza, aulize mgonjwa alikula nini, na ajue simu ya kupiga. Dawa ile ya kuzuia sumu hairudishi viungo vilivyokwisha kulegea, inazuia tu sumu isiendelee, kwa hiyo kila saa inayopotea kwa kutafuta mganga ni saa ya mapafu. Kama wizara ina akiba yake mahali, itangaze iko hospitali gani. Kama haina, tuambiwe hivyo pia.