Baba, Mpige Bibi!

Barabara ya kwenda Iringa, Mbeya mpaka Zambia inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Ni kama kilomita 50 za lami porini, na mama mkwe wangu, mtu wa Iringa, ameipita kwa basi miaka nenda rudi akienda na kutoka Dar kuona wajukuu. Twiga amewaona, tembo amewaona, pundamilia ndiyo usiseme. Kwa hiyo nilipotoa wazo kwamba safari hii tunamrudisha kwa gari na tuingie hifadhini kabisa, aliuliza swali ambalo hadi leo sijapata jibu lake.

"Hawa wa barabarani ni wa bure. Hao wa kulipia wana nini?"

"Wana utulivu, mama," akadakia shemeji. Shemeji huyu ni mdogo wake mke wangu, na tangu aanze kuongea hajawahi kutamka neno "sijui".

Gari lilikuwa la kuazima kwa jirani, la viti saba, zima kabisa isipokuwa kioo kimoja cha nyuma ya dereva: kikishushwa hakipandi. Jirani alinionya mara mbili. Nami sikukishusha. Alikishusha binti yetu wa miaka sita, karibu na bango lile la barabarani lenye orodha ya faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake kwa dola. Alitaka nyani wamwone vizuri.

Sasa mpangilio wa viti, maana kesi yote imelala hapo. Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawashikani hata mkono. Mnasalimiana kwa mbali, macho chini, na yeye akiwa mlangoni wewe unasubiri uani mpaka apite. Kwa heshima hiyo, mama aliwekwa kiti cha nyuma yangu, tusitazamane. Kando yake binti. Mbele na mimi, shemeji na ramani ya simu. Mke wangu alijibana nyuma kabisa na mizigo: sandarusi la mchele, ndoo mbili, na hotpoti ya pilau aliyoipakata kama mtoto mchanga. Tulikuwa hatujafika hata Chalinze akawa amelala.

Langoni pale Kikoboga tukapewa namba ya malipo, mtandao ukapotea, ukarudi, tukalipa kwa shilingi kama wananchi. Askari wa hifadhi akatusomea masharti: tusishuke garini, tusitoke nje ya njia, tusipige honi wala kelele, tusilishe wanyama. Kuhusu wakwe hakusema neno.

Kwenye tambarare ya Mkata mambo yalikuwa mazuri mno. Nyati, nyumbu, ngiri wanakimbia na mikia juu. Mama akaanza kulainika. Alipoona twiga amesimama karibu kiasi cha kuhesabu kope, akasema, "Haya, huyu nimekubali kumlipia."

Shemeji ndiye aliyesema simba wako kwenye miti, twende kwenye miti. Tukaacha uwanda tukaingia miombo. Huko tukaona vitambaa vya bluu na vyeusi vimetundikwa mitini kando ya njia. Mke wangu, aliyekuwa ameamka kidogo, akauliza ni vya nini.

"Alama za mafundi umeme," akasema shemeji. "Nguzo zinakuja."

Kwa faida ya msomaji: ile ni mitego ya mbung'o. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea, na rangi anazozipenda kuliko zote ni bluu na nyeusi, ndiyo maana vitambaa vinapakwa dawa na kutundikwa pale. Na mama mkwe wangu, kwa heshima ya safari, alikuwa amevaa kitenge kipya cha Kariakoo, bluu iliyokolea, maua meusi, na kilemba chake juu. Mtego kamili, ila hauna dawa. Dirisha wazi.

Walianza kuingia wawili watatu. Kisha tukawaona simba: jike wawili na dume mmoja chini ya mti, hatua chache tu kutoka njiani. Nikazima injini. Shemeji akatoa simu akaanza kurekodi. Mama alipoona lile dirisha lisilofungika, halafu akaona lile dume, alifumba macho, akashika kishikio cha mlango kwa mikono miwili na kuanza kusali kimoyomoyo.

Hapo ndipo nilipotazama kioo cha kati.

Mbung'o alikuwa ametua kwenye shavu la mama mkwe. Mbung'o si nzi wa jikoni. Hukunja mbawa moja juu ya nyingine, anajipanga bila haraka, anachomeka mdomo, na wewe unaona tumbo lake linavyovimba na kuwa jekundu. Ukimpiga kofi la adabu anaondoka, anazunguka, anarudi palepale. Inatakiwa umpige umalize.

Nikageuka nikamwangalia mke wangu. Amelala tena. Nikamgusa shemeji. Akaniambia "shh", anarekodi.

"Mkwe," mama akanong'ona, macho bado yamefumbwa. "Kuna kitu kinanitoboa."

"Ni mbung'o, mama."

"Mtoe."

"Mama, siwezi."

Kimya. Simba akapiga mwayo. Mama akawaza, nadhani, mila upande huu na shavu upande huu.

"Mpige. Nimekuruhusu."

Mkono wangu ulikataa. Ruhusa ya mdomo ni kitu kimoja, lakini kiganja changu kwenye shavu la mama aliyemzaa mke wangu ni kitu kingine. Nikaona heri kuwe na kitu katikati, ngozi na ngozi zisikutane. Nikavua kandambili.

Binti yangu akaona baba ananyanyua kandambili halafu anasita. Akasahau masharti ya hifadhi yote. Akapaza sauti:

"Baba, mpige bibi! Mpige sana! Baba, mpige bibi!"

Sikuwa nimesikia gari likija. Ni Land Cruiser ya watalii, ile yenye paa la kunyanyuka, ilikuja taratibu ikasimama ubavuni kwetu. Juu kuna wazungu wanne na kamera zao, chini dereva wao Mtanzania, anayesikia Kiswahili kila neno. Na mimi kandambili ilikuwa tayari inashuka.

Paa!

Simba dume akainuka, akatutazama kwa dharau, akaondoka. Majike nayo yakamfuata. Kamera zote nne zikahama kutoka mtini zikaja dirishani kwetu, ambako bibi mmoja ameshika shavu na mkwe wake ameshika kiatu.

"Kaka," yule dereva akasema polepole. "Ya nyumbani si yangeisha nyumbani?"

"Ni mbung'o!" nikasema. Nikamwonyesha soli. Hakukuwa na kitu. Mbung'o alikuwa amekaa kwenye usukani wangu, ameshiba.

Tulipofika kwenye bwawa la viboko, taarifa zilikuwa zimetutangulia kwa simu ya upepo. Askari alinipita akaenda moja kwa moja kwa mama.

"Shikamoo mama. Uko salama? Amekupiga huyu?"

Nilijua mama atanitetea, na alinitetea kwa ukweli wake wote. "Marahaba. Amenipiga, ndiyo. Nilimwomba mwenyewe."

Askari akaandika hilo kwenye daftari. Ilichukua muda mrefu kuelewana.

Ruaha Mbuyuni tulisimama kununua vitunguu, mama akakata kimoja akasugua shavu. Kitonga tulipanda nyuma ya malori ya mizigo, mwendo wa jongoo, na garini hakuna aliyeongea isipokuwa shemeji, akitusomea kwenye simu kwamba mistari ya pundamilia huwababaisha nzi wa namna hiyo wasitue. Mama akamwambia anyamaze.

Sikujua kwamba mtandao uliporudi, video ilikuwa imeshatumwa kwenye kundi la ukoo. Na kwa sababu simu ilikuwa imejaa, ikabidi shemeji afute na kuanza kurekodi upya, video ile haina simba, haina mbung'o, haina "nimekuruhusu". Inaanzia pale binti anapopiga kelele.

Tulipoingia uani Iringa, viti vilikuwa vimepangwa. Baba mkwe na wajomba watatu. Mama akaeleza, mke wangu akaeleza, binti akaigiza. Wajomba wakasikiliza kwa upole, wakakubali kwamba nia ilikuwa njema. Kisha mkubwa wao akasema mbuzi mmoja ni lazima, maana mkwe amepigwa, na wa pili ni kwa ajili ya kiatu. Nikiwa bado nabishania huyo wa pili, akaniuliza kilikuwa cha mguu gani.

Nikasema wa kushoto. Wakawa watatu.

Aliyetumwa mnadani kuwanunua ni shemeji, kwa hela yangu. Alirudi na mbuzi wawili, bila chenji, akasema wa tatu alikuwa mgonjwa.