SPICE haikuzuka tu

Makala yako inasema uchambuzi wa saketi za umeme kwa kompyuta ulianza mwaka 1973 na SPICE, programu ya kukokotoa jinsi saketi itakavyofanya kazi. Hapana, ndugu mwandishi. Kampuni ya IBM ilikuwa na programu yake ya namna hiyo, ECAP, tangu miaka ya 1960, na SPICE yenyewe ilitokana na programu nyingine, CANCER, kazi ya Ronald Rohrer na wanafunzi wake pale Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani. Wao waliacha kabisa hesabu za athari za mionzi ya nyuklia kwa saketi, ambazo programu nyingi za wakati ule zilibebeshwa kwa ajili ya jeshi. Uamuzi wa maana sana ule!

Ninachokipenda zaidi ni lugha ya SPICE, yaani jinsi saketi inavyoandikwa ndani yake. Kila kifaa kina mstari wake, enzi hizo kadi yake ya karatasi iliyotobolewa matundu ili kompyuta iisome: "R1 1 2 1K" ni rezista ya omu 1,000 kati ya nodi (sehemu vifaa vinapounganika) 1 na 2. Nodi 0 ndiyo ardhi, yaani volti sifuri ambayo nyingine hupimwa kutoka kwake. Basi. Mpaka leo faili za SPICE zinaandikwa vivyo hivyo.

Na Donald Pederson, profesa wa Berkeley, mbona hakutajwa? Ndiye aliyemsimamia mwanafunzi Laurence Nagel kuiandika upya CANCER ikawa SPICE, kwa sharti kwamba iwe mali ya umma. Wahitimu wa Berkeley wakaibeba hadi viwandani.