"Hamna" si msiba

Nimechoka na maktaba za programu, yaani vipande vya programu walivyoandika wengine nasi tukavitumia ndani ya zetu, zinazogeuza "hakipo" kuwa balaa. Jana nilikuwa Chake Chake, kwenye nyumba ya wageni niliyowaandikia programu ya vyumba. Mgeni mmoja kafuta chumba alichobuku; programu ilipokiulizia, seva (kompyuta inayoweka taarifa) ikajibu 404, jawabu sahihi kabisa: ulichokitaka hakipo. Maktaba ikalichukua kama kosa na kulirusha, programu ikaanguka, orodha nzima ikapotea. Skrini nyeupe pepe! Bibi wa mapokezi akaniuliza, "Mwanangu, kwani wageni wote washaondoka?"

Nenda soko la Darajani, Unguja, ukaulize hiliki. Muuzaji akiwa hanayo atakwambia "hamna, imekwisha". Hafungi duka.

Jawabu la 500 ni seva yenyewe imeharibikiwa; hapo piga kelele, nakubali. Lakini kitu kimoja kukosekana? Maktaba inirudishie jawabu tupu, niamue mwenyewe. Sasa nimelazimika kuzungushia kila ombi mtego wa kukamata makosa, na mtego wenyewe, kwa kuwa niliuweka kwa haraka, unameza hata makosa ya kweli: mtandao ukikatika, programu inaniambia hakuna mgeni. Usiku huu naiondoa mitego hiyo mmoja mmoja, kazi ambayo aliyeandika maktaba angeimaliza kwa mistari mitatu.