Madam Maybanke na wanawe: kweli "alisimama mwenyewe"?

Kuna stori moja ya Sydney, Australia, enzi hizo New South Wales bado koloni la Muingereza, ambayo kila upande unaivutia kwake. Watu wa haki za wanawake wanaitaja kama ushahidi kwamba mke akitelekezwa anaweza kusimama, na wale wa "zamani ndoa zilikuwa ndoa" wanaitaja kama ushahidi kwamba sheria za talaka ndo zilianza kubomoa familia. Mimi naona wote wawili wameshika kipande tu.

Mhusika ni Maybanke Wolstenholme. Alizaliwa Uingereza 1845, wazazi wakahamia Sydney yeye bado mtoto, baba fundi bomba, akasomea ualimu, 1867 akaolewa na Edmund Wolstenholme, mfanyabiashara wa mbao. Wakapata watoto 7 na wakazika 4 wakiwa wadogo kabisa, ugonjwa wa moyo uliotokana na kifua kikuu. Biashara ya mume ikayumba, akaingia kwenye pombe, na 1884 akasepa. Hakufa, hakutoa talaka, kasepa tu. Harry, mkubwa wa wanawe 3 waliobaki, alikuwa na kama miaka 16. Mwaka uliofuata mama akageuza nyumba anayoishi, pande za Marrickville, kuwa shule ya wasichana, Maybanke College, na akaiendesha karibu miaka 10.

Sasa wanaomsifia wanaanzia hapa. Wanasema angalia, mwanamke wa karne ya 19, hana mume, hana mshahara wa serikali, halafu analisha watoto kwa chaki! Na Harry hakupotea mtaani kama ilivyotabiriwa kwa watoto wa masingo maza, akawa mwanasheria, tena mpenzi mkubwa wa ndege, hadi nyumbani kwake Wahroonga ndege wa porini walikuwa wanaingia ndani bila woga. (Hii ya ndege haina uhusiano na hoja, nimeipenda tu.)

Hapo siwabishii. Na ukitaka kujua ugumu ulikuwa wapi angalia sheria, maana watu wanadhani alikuwa hana pa kushtaki kabisa, kumbe palikuwepo. Toka 1840 koloni lilikuwa na sheria ya wake na watoto waliotelekezwa, mama anaenda kwa hakimu anadai matunzo. Shida ni kwamba inafanya kazi kama baba ana hela na anapatikana. Aliyefilisika na kuhamia kwenye ulevi unamkamua nini? Na akivuka kwenda koloni lingine ndo kabisa, mama anabaki na karatasi ya mahakama mkononi na njaa iko palepale.

Halafu kuna ishu ya watoto ni wa nani. Kisheria mlezi ni baba, sio mama, hata kama baba mwenyewe hayupo. Dora Montefiore, mama mwingine wa Sydney, mumewe alifariki 1889, akaenda kwa wakili kufuata mirathi, akaambiwa watoto utabaki nao kwa sababu marehemu hakuandika mlezi mwingine kwenye wosia. Yaani mama anabaki na wanawe kwa bahati ya wosia! Hiyo ilimuwasha kiasi kwamba 1891 kikao cha kwanza cha chama cha kudai kura za wanawake, Womanhood Suffrage League, kilifanyika kwake. Maybanke akajiunga humo, na kuanzia 1893 hadi 1897 ndo alikuwa rais wa chama.

Tuje kwenye talaka. Sheria ya 1892 iliruhusu ndoa kuvunjwa kwa sababu kama kutelekezwa miaka 3 au ulevi wa kudumu. Aliyeipigania miaka na miaka si kijana wa mageuzi, ni Sir Alfred Stephen, aliyewahi kuwa jaji mkuu wa koloni, na ilipopita alikuwa anagonga 90. Viongozi wa makanisa walipinga wakisema ndoa itageuka mkataba wa kupangisha chumba, mtu akichoka anahama. Maybanke aliitumia haraka, 1893 akapata talaka yake kwa kigezo cha kutelekezwa.

Wapinzani wa ile sheria wana pointi moja ambayo nadhani inadharauliwa kirahisi: sheria ya namna hii inamfungulia mlango na yule aliyekimbia. Miaka mitatu ikiisha ndoa inavunjwa, na yeye anaruhusiwa kuoa tena huko aliko, bila deni la maana. Ni kweli, hilo lipo. Lakini walikuwa wanazungumza kana kwamba sheria ndo iliyovunja nyumba, wakati Edmund aliondoka miaka 8 kabla ya sheria kupita. Nyumba ilishavunjika, mahakama ilikuja kuandika tu kilichotokea.

Ila hapohapo na upande wa kina mama uniwie radhi, kwa sababu hesabu ileile inawageukia. Kama sheria ilikuja miaka 8 baadaye, basi sio talaka iliyolisha wanawe. Kilicholisha ni shule. Na shule ilitoka wapi? Hapa ndo ile "alisimama mwenyewe" inaanza kuyumba.

Kwanza alikuwa na nyumba ya kutosha kuweka madarasa. Pili alikuwa na ualimu tayari. Tatu alikuwa na ndugu, kaka yake Norman Selfe alikuwa injinia mkubwa pale mjini, yule ambaye ramani yake ya daraja la bandari ya Sydney ilishinda mashindano mwanzoni mwa miaka ya 1900 japo halikujengwa, na kitongoji cha Normanhurst kimepewa jina lake. Ukoo wenye mjomba kama huyo sio ukoo wa kuanzia sifuri, na Harry kufika kwenye uwakili usiutenganishe na mazingira hayo. Sheria ya elimu ya 1880 ilimtaka mtoto awe shuleni kuanzia miaka 6 hadi 14 tu, kwa hiyo kijana wa miaka 16 wa familia ya kibarua, baba akisepa, anaenda kubeba mizigo bandarini, habari za kusomea sheria hazipo.

Na nne, hii watu wanaisahau kabisa, soko lilikuwa linamsubiri. Chuo Kikuu cha Sydney kilifungua milango kwa wanawake 1881, wasichana wa kwanza wakahitimu 1885, mwaka uleule anafungua shule. Ghafla wazazi wenye uwezo wanataka binti aandaliwe kwa mtihani wa kuingia chuo, na hapo yuko mama anajua kufundisha na yuko tayari kuwapokea mabinti nyumbani kwake. Walipe ada. Aliona fursa, hongera zake, lakini mfuaji nguo aliyetelekezwa mtaa wa pili hakuwa na fursa hiyo, hata awe jasiri mara kumi yake.

Kinachonifanya nimheshimu ni kwamba matendo yake ya baadaye yanaonyesha aliliona hilo pengo. Angeweza kubaki na shule ya ada na umaarufu. Badala yake alianzisha gazeti, Woman's Voice, 1894, akawa kati ya waliounda Kindergarten Union 1895, na 1896 ikafunguliwa chekechea ya bure Woolloomooloo, pale kwenye umaskini karibu na bandari. Mama mwenye kibarua anaacha mtoto sehemu salama, halipi ada. Kwangu hiyo ina uzito kuliko talaka yake. Talaka ilimsaidia aliyekuwa na uwezo wa kufika mahakamani, ilimruhusu na yeye mwenyewe kuolewa tena 1899 na Francis Anderson, profesa wa falsafa ambaye yeye Maybanke alimzidi umri kwa zaidi ya miaka 10, fresh kabisa. Chekechea iligusa kina mama ambao hawakuwa na nyumba ya kugeuza shule.

Kuna wanaoiponda hata hiyo, kwamba ilikuwa ni mabibi wa maisha mazuri wanashuka uswahilini kufundisha watoto wa maskini kunawa mikono na kuwa na adabu. Inawezekana kulikuwa na dharau ndani yake, ila mtoto yuko ndani, mama yuko kazini, na mimi hapo naangalia matokeo kwanza.

Lawama ninayoona haijibiki ni nyingine. Miaka ileile Maybanke analea wanawe na kuhubiri haki ya mama juu ya mtoto, koloni lilikuwa na Bodi ya Ulinzi wa Waaborijini (wenyeji wa asili wa Australia) iliyoundwa 1883, na watoto wa wenyeji walikuwa wanaondolewa kwenye shule za serikali wazazi wazungu wakilalamika. 1902 wanawake wakapata kura, ya shirikisho la Australia na ya New South Wales pia, ushindi wa watu kama yeye, na sheria hiyohiyo ya shirikisho ikawafungia nje wenyeji walio wengi, wanaume kwa wanawake, wakaja kuruhusiwa 1962. Mwaka 1915 ile Bodi ikapewa mamlaka ya kumchukua mtoto wa Kiaborijini bila kumthibitishia hakimu kwamba mama amemtelekeza. Wanawake wapiga kura walikuwepo, miaka 13 sasa, na bunge lililopitisha hilo walilichagua na wao.