Chupa Tupu Haina Nauli ya Kurudi

Kila likizo, Waamu, yaani watu wa kisiwa cha Lamu, Kenya, tulioko nje hurudi nyumbani na masanduku mawili na hotuba moja. Hotuba yenyewe ni ya takataka. Mtu ameshuka uwanja wa ndege wa Manda asubuhi, hata jamaa hajamaliza kuwasalimia, tayari anauliza mbona pwani imejaa chupa, mbona watoto wanatupa karatasi za biskuti ovyo, mbona "watu wetu" hawajistaarabu. Ulaya, atakwambia, kila nyumba ina mapipa manne. Wenyeji humsikiliza kwa adabu, humtilia kahawa, na akigeuka huchekana. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu amekuja mwenyeji augue.

Mapipa hayo nayajua, maana naishi Hamburg na yako chini ya dirisha langu. La manjano la vifungashio, la buluu la karatasi, la kijani la mabaki ya chakula, na jeusi la yale yaliyokosa kwao. Vioo vina makontena yake barabarani, tena hutengwa kwa rangi: cheupe, kijani, kahawia. Na usithubutu kwenda kutumbukiza chupa humo siku ya Jumapili, kwa kuwa kelele zake zitamtoa jirani dirishani. Sikatai, ni utaratibu mzuri. Ninachokataa ni ile hadithi kwamba utaratibu huo umetoka katika moyo safi wa Mzungu, na kwamba sisi tulinyimwa moyo huo.

Mjerumani harudishi chupa ya plastiki kwa sababu ya kumpenda kobe wa baharini. Anairudisha kwa sababu ina pesa yake ndani. Tangu 2003 sheria ya huku inataka ukinunua kinywaji cha kopo au cha chupa ya kutumika mara moja uache amana, na leo amana hiyo ni senti 25 za euro, zaidi ya shilingi 30 zetu. Mlangoni pa supamaketi kuna mashine yenye tundu la duara. Unaisukuma chupa, mashine inaizungusha kutafuta alama yake, inaimeza, halafu unasikia ikipondwa huko ndani. Ukimaliza gunia lako unabonyeza kitufe, risiti inatoka, unakwenda nayo kwa keshia inakatwa kwenye bei ya maziwa na mkate. Jumamosi kuna foleni kabisa, na watu wazima wamebeba mifuko mikubwa kama wanahama.

Na chupa iliyoachwa bustanini haikai. Wapo wazee, wengine wamevaa makoti mazuri tu, wanaopita na kurunzi wakichungulia mapipa ya mitaani, maana pensheni haitoshi. Kwa hiyo watu wenye huruma hawaitumbukizi chupa yao, huisimamisha kando ya pipa ili mzee asilazimike kutia mkono kwenye uchafu. Usafi wa bustani ninayopita kila siku umetegemea kwa sehemu umaskini wa watu hao, na jambo hilo halimo katika hotuba za likizo.

Sasa niambieni kama utaratibu huu ni mgeni kwetu. Nani katika rika langu hakutumwa dukani akanunue soda, akaulizwa na mwenye duka, "Chupa iko wapi?" Huna chupa, acha dipoziti. Huna dipoziti, kunywa hapo hapo umesimama, na jicho la muuzaji liko kwako mpaka tone la mwisho. Chupa ya kioo ilikuwa na thamani hata mtoto aliyeivunja alijua atakachokutana nacho nyumbani. Kreti zilipanda boti zimejaa na kurudi bara na chupa tupu, kwa kuwa kiwanda kilizitaka. Hakuna aliyekuwa akifundisha mazingira pale dukani. Halafu ikaja chupa ya plastiki, nyepesi, isiyovunjika, isiyodaiwa na mtu. Mwenye kiwanda akajitoa katika safari ya kurudi, na mzigo wote akawaachia mnywaji, upepo na bahari.

Kwa kisiwa, hapo ndipo penye shida yenyewe. Kila kinachoingia Amu kimevuka maji, kwa kawaida kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, na kila aliyekileta amelipa ili kivuke. Chupa iliyojaa ina mtu wa kuilipia nauli, tupu haina. Ukimwambia mtu atenge plastiki yake vizuri, aioshe, aifunge, unampa kazi isiyo na mwisho: aitenge aipeleke wapi? Jaani, itakakochanganywa tena na kuchomwa moto.

Wala tusiwacheke wanaonunua maji ya chupa. Maji matamu ya Amu yanategemea matuta ya mchanga ya Shela, yanayochuja mvua na kuihifadhi chini. Visima vingi vya mjini vina chumvi. Mwenye uwezo hununua chupa, asiye na uwezo hunywa chumvi. Ukitaka kupunguza plastiki katika kisiwa hiki, anza na bomba la maji yanywekayo. Nyumba za zamani zilikuwa na birika la kuwekea maji, na ndani yake samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Hiyo ilikuwa kinga ya malaria isiyotumia dawa wala umeme.

Kuna duka hapa mtaani kwangu lisilouza kitu ndani ya kifungashio. Unakwenda na mitungi yako, unapima dengu, mchele, sabuni ya maji. Wateja wake ni vijana wasomi wanaoona wamegundua jambo. Kwenye rafu moja nilikuta brashi za makumbi, na pembeni yake bakuli la kifuu cha nazi, limepakwa mafuta likang'aa, kwa bei ambayo kwetu ungepata nazi nzima zaidi ya ishirini. Nikalipiga picha nikamtumia shangazi yangu. Akanijibu kwa sauti: "Kifuu hicho kimefanya nini hata kiuzwe? Waambie waje hapa uani wazoe bure, mwanangu. Na wakija wanifagilie."

Nazi ndiyo darasa ambalo hao vijana wangelihitaji. Imefuliwa, makumbi yanafukiwa topeni miezi kadhaa, yanapondwa, yanasokotwa kamba. Au yanakaushwa yakawashia moto. Imevunjwa, imekunwa kwa mbuzi, tui limekamuliwa kwa kifumbu, kasimele kwanza, kisha jepesi. Machicha ni ya kuku. Kifuu kinageuka upawa, au kinatiwa mpini mrefu kikawa kata ya kuchotea maji mtungini. Makuti yanaezeka, chelewa zinafunga fagio. Na ukitaka kubeba samaki kutoka pwani, mtu anakusukia pakacha la makuti mabichi pale pale ulipo. Ukifika nyumbani unalitupa, na hakuna mwenye haki ya kukulaumu kwa sababu mbuzi watalimaliza. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya nailoni mwezi Agosti 2017, kwa adhabu ya faini hadi shilingi milioni 4 au kifungo hadi miaka 4, wako waliotangaza mapinduzi. Kwa bibi zetu ilikuwa ni ruhusa ya kutoa kikapu uvunguni.

Lakini hapa nataka nipunguze nyimbo za zamani, maana tukiendelea hivi tutasema uongo. Maisha yale yalikuwa masafi kwa migongo ya wanawake. Tui la pakiti linauzwa kwa sababu kukuna nazi tatu kila siku kunachosha mabega. Pampasi zinazoelea mkondoni zinachukiza, nakubali, lakini kabla yake kulikuwa na nepi za kitambaa, na nepi zilimaanisha mama aliyejifungua wiki iliyopita anainama juu ya karai, maji yamechotwa kisimani, sabuni inamchoma mikono. Wanaume wanaoandika mitandaoni kwamba turudi kwenye nepi za kitambaa, sijaona hata mmoja akiahidi kuzifua. Harusini pia: zamani sinia moja la pilau walilizunguka watu kadhaa, sahani hazikuhitajika. Leo kila mgeni ana kibakuli chake cha kutupa na chupa yake ya maji. Hiyo ningependa ife, kwa sababu sinia halimwongezei mwanamke kazi, linampunguzia. Basi tuchague hivyo: tabia inayopunguza taka na kazi pamoja tuirudishe leo, na ile inayopunguza taka kwa kumrudisha mtu karaini ingoje mpaka apatikane wa kusaidia.

Nyumba nazo. Huku karibu theluthi mbili ya nishati ya nyumbani huliwa na kupasha vyumba joto, kwa hiyo tabia za maana ni za dirisha na kirekebisha joto, na kweli nimejifunza kuvaa sweta ndani badala ya kuzungusha kitufe. Amu adui ni joto, na waliotutangulia walishamaliza hesabu: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati cha kuvuta hewa, vichochoro vyembamba vinavyotiliana kivuli. UNESCO iliuingiza mji ule katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, watu wakafikiri ni kwa ajili ya milango ya nakshi tu. Leo anayejenga upya hujenga kwa matofali membamba ya simiti, anaezeka mabati, kisha anatafuta eyakondishena. Fundi wa kujenga kuta zile angalipo, ila ghali. Ningependa kaunti impe afueni ya ada mwenye kujenga hivyo, kuliko kupanda miti ya kupigiwa picha.

Turudi kwa mhubiri wetu wa pwani. Mkenya wa wastani hutoa chini ya nusu tani ya kaboni kwa mwaka, Mjerumani tani 7 hivi. Ndege ya kwenda na kurudi kutoka Ujerumani hadi Kenya inamtwika abiria mmoja zaidi ya tani moja. Yaani kwa nauli ya kuja kutoa hotuba tu, ameshatoa kuliko muuza mkate wa mofa atakavyotoa kwa miaka miwili. Sisemi mtu asije kuwaona wazazi wake; mimi nitakuja inshallah, tena Maulidi. Nasema tukija tuketi, tunyamaze kidogo kwanza.

Hasa kwa kuwa jambo kubwa kuliko yote walilofanya Waamu kwa ajili ya hewa hii halikuhusu kikapu wala pipa. Palipangwa kujengwa Kwasasi, upande wa bara wa Lamu, mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Tuliambiwa ndiyo maendeleo. Wavuvi, wakulima na vijana wa shirika la Save Lamu wakakaa mikutano isiyo na posho, wakasoma ripoti nene, wakaenda mbele ya Baraza la Kitaifa la Kusikiliza Kesi za Mazingira, na mwezi Juni 2019 leseni ikafutwa, kwa sababu, pamoja na mengine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Miaka ile ile, hapa Hamburg, kando ya mto Elbe, mtambo mkubwa wa makaa wa Moorburg uliokuwa umeanza kazi 2015 ulikuwa unaelekea kufungwa. Haukumaliza hata miaka saba. Laiti tungenyamaza, tungebebeshwa kitu ambacho matajiri walikuwa tayari wanakibomoa. Mvuvi aliyehudhuria kesi ile, hata kama ametupa chupa baharini maisha yake yote, amenizidi mimi na mapipa yangu manne.

Na uhodari wa mikono upo pia. Lile jahazi la Flipflopi liliundwa Lamu, chini ya fundi Ali Skanda, kwa tani 10 hivi za plastiki iliyookotwa, likafunikwa kwa ndara za rangi zote, likashushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Watu walilipiga picha sana. Mimi nililiona kama hoja ya biashara: plastiki ya jaani ilikuwa imepata bei, na ilipopata bei ikaokotwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa kaunti na kwa wabunge ni la pesa, si la tabia. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ipo tangu 2022, na inamtaka mzalishaji awajibike kwa kile anachokitoa kiwandani. Basi tuanzie kwetu, mahali penye milango michache. Kila katoni ya maji na soda inayopita Mokowe iwe na amana, shilingi 5 au 10 kwa chupa. Muuzaji arudishe pesa, aongezwe kidogo kwa usumbufu, na boti iliyoshusha mzigo ipakie magunia ya chupa tupu kwa gharama ya kampuni iliyozijaza. Najua wachuuzi watasema bei itapanda. Itapanda kwa asiyerudisha. Na najua mabaharia watauliza nani atawalipa siku ile ile, kwani magunia ya ahadi wameshayabeba mengi. Hapo wana haki kabisa, na fedha hizo ziwekwe gatini kabla ya gunia la kwanza kupakiwa.