Joto la Kisumu lipimwe kwenye jani lenyewe

Kila tunapozungumzia mbegu za kustahimili joto huku nyanda za Kano, tunataja kipimajoto cha hewa. Hapo ndipo tunapokosea. Kunde zikikosa maji hufunga matundu ya majani, mvuke unaolipoza jani hukatika, na jua la saa nane mchana hulifanya liwe moto kuliko hewa inayolizunguka. Kabla ya kumwambia mkulima wa Ahero apande aina gani, tupime jani.

Ninatetea kipimo cha uvujaji. Joto likizidi, utando wa seli huharibika, chumvi za ndani hutoka, na maji yanayozipokea hupitisha umeme zaidi. Kifaa chake ni kile kidogo cha mkononi cha kupima upitishaji umeme wa maji, wanachotumia wakulima wa haidroponiki, yaani kilimo kisichotumia udongo.

Chuma majani machanga yaliyokwisha kutanuka, aina zote saa ile ile, kwa kuwa mmea uliopitia siku za joto kali hujikaza dhidi ya joto. Toboa vipande kwa panchi ya karatasi, 10 kwa kila mrija wa majaribio. Visuuze mara tatu kwa maji yaliyokenekwa, yaani ya mvuke uliopozwa, yasiyo na chumvi: kingo zilizokatwa huvuja zenyewe, na anayeruka hatua hii huona jani "limeungua" hata kwenye nyuzi 25. Acha tone la maji ndani, ziba, kisha zamisha mirija dakika 15 kwenye maji ya nyuzi 25, 40, 44, 48 na 52. Soma joto la ndani ya mrija, maana huchelewa kufikia la sufuria. Ongeza mililita 10 za maji yaliyokenekwa, laza hadi kesho, pima. Halafu chemsha mirija dakika 20, poza, upime tena. Gawanya kipimo cha kwanza kwa cha pili, zidisha kwa 100, upate asilimia ya chumvi iliyovuja. Usiharakishe kupoza, kila nyuzi moja ya ziada hupandisha upitishaji umeme kwa takriban asilimia 2, na hesabu yote huharibika.

Joto linalovujisha nusu ya chumvi ndilo la kulinganishia aina, basi. Mitambo ya usanisinuru kwa kawaida huumia kabla utando haujavuja, kwa hiyo ukipata nyuzi 49, usimwambie mkulima kwamba nyuzi 47 ni salama. Uharibifu huo wa mapema huonwa na mashine ya mng'ao wa klorofili, ambayo kwa jani lenye afya lililokaa gizani nusu saa husoma karibu 0.83. Ni ghali. Panchi na sufuria vinatosha shule kuanza Februari, kabla ya masika, mradi kunde zilizomwagiliwa zisishindanishwe na zilizonyauka.