Ile video ya punda: sikilizeni upande wangu

Naona mnanitag tangu jana. Jamaa yangu wa bodaboda ameiweka status akaandika "fundi acheza singeli na punda Igurusi". Hakuna aliyecheza singeli. Yeye alianza kurekodi suruali ikiwa imeshashuka, sasa yaliyotangulia atayajua wapi?

Mnajua mimi ni fundi katambuga, vile viatu vya tairi, naishi Uyole, Mbeya, na msimu wa mavuno ya mpunga nashusha mzigo Igurusi maana ndiko hela inakuwa. Usiku nikikosa usingizi naangalia mashindano ya farasi kwenye simu. Msicheke, kuna elimu mle. Farasi wa mashindano ana karibu nusu tani, na akichanganya mbio kuna wakati mguu mmoja wa mbele unabeba zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Wanamvalisha viatu vya alumini kwa kuwa ni vyepesi, ila alumini hainyonyi kishindo kama raba. Ndiyo maana wapo wanaoweka raba au plastiki laini chini ya kwato, na wengine wanabandika kwa gundi, msumari hakuna.

Kilichonimaliza ni kwato lenyewe. Likikanyaga linatanuka kwa nyuma, na katikati kuna kipande laini chenye umbo la V kinachobonyea. Yaani mnyama amezaliwa na shokapu yake! Ukimvalisha kiatu kinachobana kisigino, shokapu umeiua. Nikajiambia: raba ninayo, kisu ninacho, farasi sina. Lakini Igurusi punda wamejaa, wanavuta mikokoteni ya mpunga juu ya lami kutwa nzima, nani anawahurumia magoti?

Mchoro ulikuwa mzuri, hapo sirudi nyuma. Chini tairi la Fuso, juu yake matabaka ya tyubu, nyuma nimeacha wazi ili kisigino kitanuke. Kipimo nilichukua kwa boksi na chaki, maana kwato la punda ni jembamba na limesimama wima kuliko la farasi. Msumari nikaukataa. Ukigonga msumari vibaya kwenye mguu wa punda wa mtu, hiyo ni kesi. Nikanunua supaglu, vile vichupa vidogo, nikajaza mfuko.

Mzee mwenye punda akanitazama weee. "Mwanangu, huyu akikupiga teke mimi simo."

"Mzee wangu, wewe shika kamba tu."

Nikasimama ninavyowaona mafundi wa farasi wakisimama: uso kwenye mkia wa punda, mguu wake wa mbele umepita katikati ya mapaja yangu, unyayo unaangalia juu. Wale mafundi huvaa aproni ya ngozi. Mimi nilivaa jinzi. Shikilieni hapo.

Nikamimina chupa ya kwanza, ya pili, nyingine nikaacha kuhesabu. Nikabandika kiatu, nikakandamiza kwa viganja viwili. Punda katulia, macho nusu, mpaka nikamsifia. Gundi ikatoka pembeni taratibu, ikateleza ukingoni mwa kwato, ikadondokea paja la kushoto. Tone. Tone lingine. Nikasema itakauka.

Kuna jambo nimekuja kulisoma usiku wa manane: supaglu ikiingia kwenye pamba inachemka. Inatoa joto la kuunguza kabisa. Na jinzi ni pamba.

Kwanza nikahisi uvuguvugu. Nikadhani punda amekojoa. Nikainama kuchungulia, naona kamoshi kembamba kanapanda kutoka kwenye paja langu mwenyewe, na kabla akili haijapokea taarifa, mdomo ulishapokea. Nilipiga yowe ambalo mashine ya kukoboa ilikuwa inanguruma na bado lilisikika hadi barabarani.

Punda akashusha mguu. Jinzi ikashuka nao, maana ilishagandana na kwato. Halafu akaanza kuondoka. Yeye anaenda mbele, mimi namfuata kinyumenyume, nimeinama, naruka kwa mguu mmoja, mkono mmoja umeshika mkanda na mwingine umeshika tumbo la punda. Tukapita kwenye mizani. Tukapita kwenye magunia. Mzee kaachia kamba zamani, anacheka amekaa chini. Tulipofika kwa kina mama wanaopeta mchele, kifungo kikakata tamaa.

Sasa, mtu asiyeijua baridi ya Uyole mwezi wa saba asichangie hapa. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu, nikavaa taiti ya mke wangu kwa ndani. Ya pinki. Ina maua.

Ungo zikasimama zote. Kimya. Mama mmoja wa makamo akanikagua kuanzia kiunoni hadi magotini, akasema kwa upole kabisa, "Ndaga, baba. Rangi imekukubali."

Hapo ndipo jamaa yangu akatoa simu.

Mengine hayana maana: muuza nyama akakata jinzi kwa kisu, nikapewa kanga, nikapanda Coaster nimesimama hadi Uyole kwa sababu ya malengelenge. Mzee anadai nimlipe muda aliopoteza. Nimemjibu kwa heshima zote kwamba kiatu hakijatoka hadi leo, na kipande cha jinzi bado kinaning'inia pembeni, anayebisha akamwangalie punda. Farasi hubadilishiwa viatu kila wiki sita hadi nane kwa kuwa kwato linaota, kwa hiyo avumilie tu.

Mke wangu ameitazama video mara nyingi kuliko nyie wote. Paja hajaliulizia. Anachotaka kujua ni nani aliyempa mtu ruhusa ya kufungua sanduku lake.